Joto la Meza ya Tatu

Teresa alinipigia simu siku ya tisa baada ya mazishi ya mumewe. Sikuwa nimekwenda mazishini. Nilituma maua, nikaandika kadi yenye maneno ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika, nikajiambia kwamba theluji ilikuwa nyingi na njia ya kwenda kwao Mississauga ilikuwa mbaya, ingawa mabasi yalikuwa yakipita chini ya dirisha langu kama kawaida. Teresa hakunilaumu. Alisema watoto wamekuja, wanataka kusafisha chumba cha chini, na wamekuta huko kompyuta zilizopasuliwa matumbo, nyaya na madaftari, hawajui kipi cha kutupa na kipi cha kuweka. "Wewe ndiye unajua vitu vyake, Zuhura," alisema. "Kuja Jumamosi mchana. Nitapika." Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nilikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kutoka kazini. Nataka niseme mapema, ili anayesoma asinione bora kuliko nilivyo: Fidelis, mume wa Teresa, alipoteza kazi aliyoipenda na heshima aliyokuwa nayo kwa kosa lililokuwa langu. Nililijua kosa hilo na nilinyamaza. Mwaka ninaousimulia hapa ni huo mmoja tu wa kosa hilo, miaka mingi iliyopita.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nikipanga chumba na jiko katika jengo la zamani la matofali huko Weston, ambako dirisha la jikoni lilitazama miti ya kando ya mto Humber na bomba la maji ya moto liligonga ukutani kila lilipoamka. Kila asubuhi nilipanda mabasi mawili mpaka Mississauga, kwenye karakana ya Bwana Nizar, nyuma ya safu ya maghala yanayofanana. Bwana Nizar alizaliwa Mwanza na alikuwa bado akihesabu kwa Kiswahili alipokuwa na haraka. Kazi yake ilikuwa kuunda kompyuta za watu ambao kompyuta ya kawaida haikuwatosha: wahandisi wa madaraja, wachora ramani, watengeneza filamu. Hakupenda kuuza kwa kubahatisha. Kila prosesa mpya ya bei ya juu, yaani ule ubongo wa kompyuta, ilipotoka alinunua moja, akaileta nyuma kwetu tuipime mpaka tuifahamu, na mteja alipewa ripoti ya kurasa chache kabla hajaamua. "Wengine wanauza maboksi," alipenda kusema, "mimi nauza karatasi hii." Na chini ya kila karatasi palikuwa na sahihi moja, ya Fidelis.

Fidelis alikuwa Mgoa wa Nairobi, amevuka sitini, mwembamba, mwenye tai iliyofungwa vizuri chini ya sweta yenye viraka viwikoni. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu. "Huko kwetu Nairobi hiyo tulisikia kwa redio tu," alisema, kisha akaitikia marahaba kwa sauti ya kanisani. Baada ya wiki mbili, nikichelewa kuamkia, alikuwa anakohoa mpaka nimwamkie. Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Alinifundisha kupaka ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kuipozea, punje moja ndogo katikati, si kuisiliba kama siagi. Alinifundisha kutoamini jaribio la kwanza. "Hiyo ya kwanza inajionyesha kwa wageni," alisema. Prosesa ukiipa kazi ya dakika tatu itakimbia kama mtu anayejua anatazamwa. Ipe kazi ya saa nzima, kore zake zote, yaani vile viini vyake vya kukokotoa, zikifanya kazi kwa pamoja, ndipo utakapoona tabia yake. Ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo mteja anapoibiwa bila kujua. Kwa hiyo kanuni yake kubwa ilikuwa ya joto la chumba. Chumba lazima kiwe na nyuzi ishirini na nne, joto la ofisi ya mtu wa kawaida, na kabla ya kila jaribio joto liandikwe juu ya karatasi. Bila joto, karatasi hiyo alikuwa anaichana mbele yako.

Chumba chetu kilikuwa kirefu, hakina dirisha, kina meza tatu. Ya kwanza ilikuwa yangu, kwenye kona. Ya pili ilikuwa katikati, na juu yake kilining'inia kipimajoto kwenye msumari. Ya tatu ilikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa mizigo unaofunguka kwa kupandishwa juu. Chakula cha mchana tulikila kwenye meza ya pili, tukisukuma kando bisibisi na skrubu. Teresa alikuwa akituma chakula cha watu wawili, na kwa kuwa mimi ni Mwislamu na nyumbani kwao nguruwe hupikwa, alinunua bakuli la kijani na kijiko chake, havikuguswa na kitu kingine, akaniwekea humo samaki wa nazi au dengu. Alhamisi mama yake Bwana Nizar alituletea kuku paka, yule kuku wa nazi wa Kihindi. Tulikula tukisikiliza mazungumzo ya ofisini, maana ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba na Bwana Nizar alizungumza kwenye simu kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa. Tulijua nani anamsifu na nani anamkwepa. Mara nyingi tulimsikia akisema, "Mpimaji wangu hajawahi kukosea," na Fidelis alikuwa akiinamia sahani yake akijitia hamnazo, lakini masikio yalikuwa yanamwiva.

Mwaka huo, mwezi wa Januari, zililetwa prosesa mbili zilizokuwa zinagombewa na kila mtu wa kazi nzito. Moja ilikuwa ya kore nane, imekuja kwenye sanduku kubwa lenye kifuniko cha bati na maandishi ya dhahabu, inakula umeme kama pasi. Tuliipa jina la Bwana Harusi. Nyingine ilikuwa ya kore sita, imefungwa kwenye karatasi ngumu ya kawaida, haina makuu. Hiyo tuliiita Shemeji. Swali la kila mteja lilikuwa hilohilo: kore nyingi zenye joto, au kore chache zilizotulia? Aliyekuwa na haraka ya jibu kuliko wote alikuwa Odile, mwanamke wa Bukavu, ambaye na wenzake wanne walikuwa wanatengeneza filamu ya katuni ya watoto kwenye ghorofa ya juu ya kiwanda cha zamani, si mbali na kwangu. Walikuwa wamepata mkataba wao wa kwanza wa maana, na filamu ilitakiwa kufika mwisho wa Julai. Picha moja ya katuni ile, ya kuonekana kwa kufumba na kufumbua, kompyuta ilihitaji muda mrefu kuikamilisha. Sisi tuliita kazi hiyo kupika. Odile alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya Fidelis, mkoba mapajani, akasema, "Papa, miye sijui mambo ya mashini. Niambie tu ile itapika mpaka mwisho bila kuchoka." Fidelis akamwambia ampe wiki nne.

Baridi ya mwaka ule sitaisahau. Feni ya joto kwenye dari ilinguruma siku nzima na kutoa hewa vuguvugu isiyofika chini, na lori la mizigo lilipokuja mlango ulipandishwa, ubaridi ukaingia na kukaa. Kila asubuhi tulisubiri mpaka saa nne au tano kipimajoto kifike ishirini na nne ndipo tuanze. Mimi baridi ile nilikuwa siistahimili. Nilivaa soksi mbili na kanga kiunoni chini ya koti, vidole vikafa ganzi hata skrubu zikaniponyoka. Mwanzoni mwa Februari nilileta hita ndogo ya umeme kutoka nyumbani, nikaificha chini ya meza yangu nyuma ya maboksi, kwa sababu Bwana Nizar alikuwa amekataza hita za namna hiyo kwa kuogopa moto. Fidelis naye sikumwambia, maana angekataa, si kwa ukali, angekataa kwa ile sauti ya upole inayokufanya ujione mtoto. Halafu nikafanya jambo la pili, dogo kuliko la kwanza. Macho ya Fidelis yalikuwa yameingia ukungu, anasubiri kupasuliwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea joto. Ilikuwa inanichosha kuinuka kila mara kwenda meza ya katikati. Nikakichukua kipimajoto na msumari wake, nikakigongelea ukutani juu ya meza yangu, naye kwa macho yale hakugundua.

Sikufikiria chochote. Naapa hivyo, ingawa najua kiapo changu hakina uzito tena. Niliona tu kwamba sasa ishirini na nne ilifika mapema, saa tatu asubuhi tayari. "Ishirini na nne, mzee," nilisema, na Fidelis, aliyekuwa ameinama meza ya tatu akiwasha Bwana Harusi, akaandika. Alifurahi. Alisema labda wamerekebisha ile feni. Siku moja alisimama kule mlangoni akijisugua mikono, akaniuliza kama nina hakika, maana yeye huku anasikia baridi. Nikamjibu nikicheka, "Kipimajoto kinasema ishirini na nne. Hiyo baridi ni ya umri, mzee." Akacheka na yeye. Na hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa huku hawezi kukielewa. Sisi tuliokulia kwenye jua tulikuwa tumekwisha kukata tamaa na miili yetu. Wenyeji walipita barabarani na fulana huku sisi meno yakigongana. Tulichekwa ofisini, tulichekwa kwenye basi, mpaka tukakubali kwamba baridi tunayoisikia ni ugonjwa wetu wenyewe, haipo kweli. Mzungu angesema chumba hiki ni baridi, akatafuta sababu. Fidelis alisikia baridi kwenye mifupa yake na akaiamini karatasi. Alirudi siku iliyofuata amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na tai yake katikati.

Bwana Harusi alipimwa kwenye meza ya tatu wiki nzima, mgongo wake kwenye ule ubaridi, na alipika saa nzima bila kupunguza mwendo hata kidogo. Shemeji alipimwa meza ya pili, akafanya vizuri lakini akaachwa mbali. Fidelis alirudia mara tatu, akatupa majaribio ya kwanza kama kawaida, akalinganisha, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Sikutarajia," aliniambia wakati wa chakula. "Hii kitu ina joto kama jiko, na haichoki." Nikamwambia labda waliotengeneza wameamka. Ripoti ikaandikwa, na kwenye ukurasa wa mwisho aliandika kwa mkono wake kwamba kwa kazi ya kupika picha mfululizo, katika joto la kawaida la ofisi, kore nane zingefaa zaidi. Akatia sahihi. Odile alinunua kompyuta sita. Siku ya kuzichukua alikuja na sambusa za kuku, akamshika Fidelis mkono kwa mikono yake miwili, akamwita baba. Mwezi wa Aprili theluji ilipoyeyuka niliirudisha hita nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, nikakirudisha kipimajoto mahali pake, na sikuliwaza jambo hilo tena.

Odile alirudi katikati ya Julai. Siku hiyo jua lilikuwa kali hata lami ilinata kwenye viatu. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu kama angepiga. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akasema, "Mashini zenu zinaanza asubui muzuri. Ikifika midi, saa sita ya mchana, zote sita zinalala. Tunafungua madirisha, tunaweka feni, zinalala tu. Siye tuliamini karatasi yenu." Fidelis akamuuliza zimebaki picha ngapi. Akamwambia. Fidelis akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kidole, kama anavyofanya mtu anayetumaini kwamba kidole kitampa jibu jingine. Filamu haikuweza kufika kwa tarehe yake. Bwana Nizar alizichukua kompyuta zote akampa Odile nyingine, lakini mkataba ulivunjwa mwezi uliofuata, na wale watano wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Odile nilikuja kumwona mara moja tu, kwenye duka la vyakula karibu na kituo cha treni Weston, akipanga mikebe kwenye rafu. Nilizunguka upande wa pili nisionane naye.

Lakini narudi kwenye siku ile ya Julai, kwa sababu ndiyo siku yenyewe. Odile alipoondoka Fidelis hakula. Alimtoa Bwana Harusi kabatini, akamfunga upya kwenye bodi ya kompyuta, akawasha kiyoyozi mpaka kipimajoto kikasimama kwenye ishirini na nne, akamwasha. Dakika ya kumi na moja prosesa ilianza kupunguza mwendo. Akapima tena, ikawa vilevile. Akazitandaza karatasi za Februari kwenye meza ya pili, juu ya mahali tulipokuwa tukiweka sahani, akazisoma pua ikigusa karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilielewa pale Odile aliposema madirisha na feni. Nikaiona hita yangu chini ya meza, nyekundu, na kipimajoto juu yake kikipima joto la hita badala ya la chumba, na yule mzee kule mwisho na sweta zake mbili, Bwana Harusi akipozwa na baridi ileile. Fidelis aligeuka. "Zuhura," alisema, "yale joto ulikuwa unanisomea, ulikuwa unasoma vile unaona?"

"Ndiyo, mzee," nilisema. "Nilikuwa nasoma kama ninavyokiona."

Haikuwa uongo hata neno moja, ndiyo maana nimeichukia miaka yote hii. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni dogo na la aibu. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinakwisha Septemba. Barua ya Bwana Nizar ya kunitetea nipewe ukaazi ilikuwa mezani kwake, imekwisha kuchapwa, bado kusainiwa. Niliogopa. Nilijiona nikirudi nyumbani na masanduku mawili na maswali ya watu. Nilijiambia nitasema barua ikishasainiwa, baada ya wiki moja au mbili, na kwamba wiki mbili hazimdhuru mtu. Fidelis alinitazama kwa yale macho yake ya ukungu, akatoa pumzi ndefu, na akaniamini kabisa, palepale, kama alivyoiamini baridi kuwa ya umri. "Basi ni mimi," alisema. "Mwandiko ni wangu. Pengine nilichanganya karatasi, pengine niliandika vitu sikuona." Akavaa koti lake la suti, akaenda ofisini kwa Bwana Nizar, akafunga mlango.

Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na nilisikia yote. Nilimsikia Fidelis akisema kosa ni lake peke yake, msichana hahusiki. Nilimsikia Bwana Nizar akisukuma kiti chake nyuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ambacho hakukitumia ofisini ila kwa kuhesabu na kwa mambo mazito: "Bwana Fidelis, mimi nilikuwa nawaambia watu hujawahi kukosea. Sasa nitawaambia nini?" Fidelis hakufukuzwa. Alihamishiwa mbele, kufunga maboksi na kubandika anwani, na ripoti kuanzia siku hiyo zikawa zinatiwa sahihi na mimi. Barua yangu ilisainiwa siku mbili baadaye. Nilikuja nayo Weston nimeikumbatia kifuani ndani ya basi, nikaiweka juu ya friji, na sikusema.

Miezi ile iliyofuata ilikuwa mirefu kuliko baridi yote. Fidelis alifunga maboksi kwa uangalifu uleule wa kupima, kila kona na utepe wake, na kila boksi alilifungua mara moja tena kuhakikisha kwamba ameweka kilichotakiwa. Mara ya kwanza nilidhani ni tabia yake. Baadaye nikaona anafungua mara mbili, mara tatu, anasoma karatasi ya oda kwa sauti ndogo, anaweka alama kwa penseli, halafu anasahau kama ameweka, anaanza upya. Vijana wa mbele wakaanza kutazamana. Chakula tuliendelea kula pamoja, bakuli la kijani likaendelea kuja, nami nilimeza samaki wa Teresa kama mtu anayemeza dawa. Siku moja aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Jambo moja linanisumbua. Nakumbuka vizuri sana nikiandika zile nambari. Naona hata kalamu. Sasa kama hiyo si kweli, nakumbuka nini kingine ambacho si kweli?" Nilimwambia asijisumbue, kila mtu hukosea. Nilimpigapiga begani. Mwezi wa Oktoba aliacha kazi. Bwana Nizar alimpa zawadi ya saa, na Fidelis akaomba apewe pia ile prosesa ya kore nane, kwa kuwa haikuwa na mnunuzi tena.

Nilikwenda kumwona mara mbili, kisha nikaacha. Alikuwa akinipigia simu, hasa majira ya baridi, akiuliza mambo ya Februari ile: ni feni gani tuliyotumia, kama niliwahi kumwona akiandika kitu kabla jaribio halijaisha. Nilimjibu kwamba sikumbuki. Ukaazi ulikuja, halafu uraia. Hofu iliyonifunga mdomo ilikuwa imekwisha zamani, na bado sikusema, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilichelewa. Mwisho simu zake zikakoma, na mimi nikashukuru.

Jumamosi ile nilifika Mississauga saa saba mchana. Teresa alikuwa amepika wali na samaki wa nazi. Alinipakulia kwenye sahani ya kawaida, akaketi mbele yangu bila kula. Juu ghorofani nilisikia binti yake, Anita, akifungua na kufunga makabati. Teresa alimwita kwa Kiswahili aje anisalimu, naye akajibu kwa Kiingereza kwamba atakuja baadaye. Tulipomaliza tukashuka chumba cha chini. Kilikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Palikuwa na meza moja, kiti kimoja, na juu ya meza Bwana Harusi kwenye bodi yake, na kwenye rafu madaftari yamepangwa kwa miaka. Nilifungua moja. Kila ukurasa ulikuwa jaribio lilelile: kazi ya saa nzima, imerudiwa mara tatu, na juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko uliokuwa ukizidi kuwa mkubwa kadiri miaka ilivyokwenda, joto la chumba: ishirini na nne. Nilifungua jingine, kisha jingine. Hakuwahi hata mara moja kupima kwenye baridi, kwa sababu kanuni ilikuwa ishirini na nne, na yeye hakuvunja kanuni hata peke yake chini ya nyumba yake.

"Alikuwa anatafuta zile nambari za kwanza," Teresa alisema. "Miaka yote hii. Alisema, Teresa, kama nikizipata hata mara moja, basi najua niliziona. Hakuzipata." Alikaa kwenye ngazi ya chini, akishika goti. "Ndipo akasema kichwa chake kimeharibika. Aliacha kusoma masomo kanisani, anaogopa ataruka mstari na yeye mwenyewe hatajua. Akaacha gari. Anita alimpeleka kwa daktari wa kumbukumbu, wakampima, wakasema hakuna kitu. Alikataa. Alisema wamempima dakika chache tu, wangempima kwa muda mrefu wangeona. Mjukuu akazaliwa, akamwambia Anita asimwache peke yake na mtoto. Siku moja nimeingia, amembeba mtoto amekaa vizuri tu, na Anita anamchukua kutoka mikononi mwake, pole pole, kama mtu anachukua kisu. Na yeye anasema asante."

Nilikuwa bado nimeshika daftari. Nikapiga moyo konde, nikasema. Nilimweleza habari za hita na kipimajoto, na jinsi nilivyomcheka mzee kuhusu umri wake. Nilimweleza swali lake la Julai na jibu langu, na ile barua. Nililia, na niliona haya kulia mbele yake, maana machozi hayakuwa zamu yangu. Teresa alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliitazama ile meza, na midomo yake ilitembea kidogo kabla sauti haijatoka.

"Kwa hiyo alikuwa mzima," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Aliandika kile aliona."

"Ndiyo, mama. Kila nambari."

Juu yetu makabati yaliendelea kufunguliwa na kufungwa. Kisha akashika ukuta, akainuka, akaita kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo, "Anita, shuka huku." Aliponigeukia hakuniangalia usoni. "Anza tena," alisema. "Sema kwa Kiingereza, asikose kitu." Anita alishuka, mikono yake imejaa mashati ya baba yake, akaketi kwenye kile kiti kimoja, akanitazama akisubiri, na mimi nikaanza tena.